Saa Niliyoishona Ndani ya Mkanda

Kama una mtoto anayefanya kazi usiyoielewa, soma haya mpaka mwisho kabla hujamfungia kitu chochote kwenye begi lake. Mimi sikuwa na mtu wa kunionya. Nilikuwa na sindano, uzi mweusi na woga, na hivyo vitatu vikikutana juu ya meza ya mama mmoja, kazi ya watu wazima sitini inaweza kusimama wiki nzima.

Binti yangu ni wa tatu na wa mwisho. Kaka yake anauza matairi, dada yake anafundisha watoto wa chekechea, kazi ambazo ukiulizwa na jirani unajibu bila kukuna kichwa. Huyu wa mwisho alisoma, akasoma, akaongeza kusoma, nami nikajipa moyo kwamba atamalizia ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. Siku aliyopata kazi alinipigia simu huku anacheka, akasema atakuwa anarudi kulala nyumbani kila siku. Nikauliza kazi yenyewe iko wapi. Akasema mgodini.

Mgodi wenyewe uko nyuma ya mtaa wetu, ukikaa barazani kwangu unaona mnara wa lifti na gurudumu lake. Baba yake alishuka humo miaka ishirini na sita. Miaka yote hiyo nilikuwa na pumzi mbili: moja ya asubuhi, nyingine ya saa tisa na nusu mchana gurudumu likianza kuzunguka kuwapandisha. Mgodi ulipofungwa nikasema mimi na shimo lile tumeachana salama. Mume wangu alikuja kufia kitandani kwake, Jumapili, ameshiba, gazeti kifuani. Kumbe shimo halikuwa limenisahau. Walikuja watu wa sayansi, wakalisafisha, wakaweka taa, na huko chini kabisa, zaidi ya kilomita moja, wakajenga vyumba vyeupe kama vya hospitali. Na mtoto wangu mwenyewe akaomba kazi humo.

Alinieleza kazi yake mara nyingi, mimi nikiwa kwenye cherehani, na mwanzoni nilikuwa naitikia tu kama mtu aliyefunguliwa redio. Lakini mtoto huyu hachoki, kwa hiyo na mimi nikaishia kuelewa. Alisema kuna vitu vidogo mno vinaitwa nyutrino. Jua linavimwaga mchana kutwa, na hata likizama vinaendelea kuja kutoka upande wa pili, maana dunia nzima kwao si kitu. Vinapita kwenye mlima, kwenye ukuta, kwenye mimi na cherehani yangu, mabilioni kwa mabilioni kila sekunde, na haviombi hata samahani kwa kuwa havijamgusa mtu. Nikamwambia kama havijamgusa mtu, nyinyi vimewakosea nini? Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema mara chache sana, chache mno, kimoja hugonga kiini cha atomu. Hakikivunji. Kinakisukuma kidogo, kiini kizima kwa mpigo mmoja, kama mtu anayepita sebuleni akagusa kabati kwa kiwiko. Kabati lote linatikisika na nguo zilizomo, ila hakuna nguo inayoanguka. Sasa wao kazi yao ni kuona kabati lilivyotikisika.

Wanaliona kwa zenoni. Hiyo ni gesi, lakini wakiipoza vikali inageuka kimiminika, kizito kuliko maji, cha baridi kuliko barafu. Wameijaza kwenye pipa la chuma, na pipa lenyewe limezamishwa ndani ya tangi la maji lenye kimo cha nyumba ya ghorofa. Kiini kikisukumwa, zenoni inatoa mwanga mdogo, mdogo kuliko ule wa kiberiti kilichokataa kuwaka, na macho ya umeme yaliyopangwa juu na chini ya pipa yanaudaka. Kwa mwaka mzima wanategemea kupata migongano ya kutoka juani ya kujaza vidole vya mikono, na labda na vya mguu mmoja.

Shida ni kwamba si nyutrino peke yake inayoleta mwanga. Vumbi nalo linaleta. Jasho linaleta. Jiwe, msumari, hewa tunayopumua, kila kitu kina kelele yake ndogo. Ndiyo maana wamekimbilia chini, mwamba wote ule uwe blanketi. Ndiyo maana wanaoga kabla ya kuingia chumba cheupe, wanavaa suti nyeupe kuanzia utosini, na hawaingii na saa, pete, hereni wala pipi mfukoni. Adui yao mkubwa ni gesi inayoitwa radoni, inayotoka ndani ya mawe yenyewe, haina rangi wala harufu. Hewa ya chumba cheupe inachujwa mpaka hiyo radoni iishe, na ukutani kuna mashine inayonusa kutwa kucha kuona kama imerudi. Wao wanaiita Mbwa. Radoni ikizidi, Mbwa anabweka, na akibweka hakuna bomba linalofunguliwa humo.

Shikeni hayo ya Mbwa. Tutarudi kwake.

Sasa, saa. Mume wangu alikuwa na saa ya mkono ya zamani, kubwa, namba zake na mishale vimepakwa rangi inayong'aa gizani. Kabla sijamzaa huyu binti, umeme ulikatika mgodini wakiwa chini. Walitembea na taa za kofia, moja baada ya nyingine ikazimika, na mwishowe, kwa alivyonisimulia yeye, wenzake walifuata mkono wake uliokuwa unang'aa mpaka mlango wa lifti. Huenda alitia chumvi. Mimi niliichukua yote na chumvi yake. Tangu siku ile nilimwambia asinishukie bila saa ile, na hakushuka bila hiyo mpaka alipostaafu. Nilikuwa nasimama mlangoni naangalia mkono kwanza, ndipo namuaga.

Binti yangu alipoanza kazi nilimtolea saa hiyo kabatini. Aliishika vizuri, akainusa kamba, akairudisha. Akasema saa hairuhusiwi, hata yake haivai. Nikamwambia aifiche. Akasema tu, mama, kwa ile sauti ya kunyoosha ambayo watoto waliosoma wanaitumia kufunga mlango bila kuugusa.

Basi miezi ikapita, na mimi na pumzi zangu mbili. Halafu pampu ikaanza kukohoa. Hii ni pampu inayoizungusha zenoni ili isafishwe. Bila pampu, uchafu unajaa ndani ya pipa na macho ya umeme yanaanza kuona ukungu, na walikuwa wamebakiza miezi miwili kumaliza kusikiliza kwa miaka miwili. Ilibidi ibadilishwe. Na kuibadilisha kulitaka bomba lifunguliwe ndani ya chumba cheupe kwa muda wa saa moja, hewa ikiwa safi kabisa. Binti yangu ndiye aliyechaguliwa kuongoza kazi hiyo. Ikienda vizuri, angekuwa mkuu wa zamu, wa kwanza kutoka mtaa huu. Aliniambia akiwa amesimama, hakuweza kukaa. Nikampongeza, nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa karai. Kitu pekee nilichosikia katika habari yote ile ni kwamba mtoto wangu atafungua bomba shimoni.

Siku chache kabla alikuwa amelalamika kwamba chumba cha pampu kina baridi na kiuno kinamuuma. Hapo ndipo shetani wangu alipopata kazi. Nikamfumia mkanda wa kiunoni wa sufi, tabaka mbili, wa kubana vizuri. Sheria yao ilimruhusu mtu nguo zake za ndani, mradi zimefuliwa kwa sabuni yao isiyo na vumbi, na nyumbani chupa ilikuwepo. Nikaufua kwa sabuni yao. Nikausuuza mara tatu. Ulipokauka nikaiondoa saa ile kamba yake, nikaizungushia kitambaa cha pamba, nikaiingiza katikati ya tabaka mbili upande wa kushoto, nikashona. Mshono wangu mwenyewe sikuuona, na mimi ndiye niliyeushona.

Nilimwambia nimeweka kipande kigumu cha kushika mgongo. Nikamwapisha auvae kila siku mpaka kazi ya pampu iishe. Akaapa, kwa kunifurahisha. Nikamalizia kwamba taa zikizimika huko, afumue mshono wa kushoto. Akanitazama.

"Kuna nini?"

"Kuna mama yako," nikamjibu.

Akadhani ni karatasi ya maombi, akanibusu, akaenda.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Saa nne asubuhi Mbwa akabweka. Wakatoka wote, wakangoja, akanyamaza baada ya saa kadhaa. Jumanne wakaingia, akabweka tena. Wakabadilisha vichujio vya hewa. Wakakagua mpira wa mlango. Wakapangusa sakafu kwa magoti, watu wenye digrii zao, mpaka fundi mmoja akasema mama yake angemwona hivi angeomba arudishiwe ada. Jumatano binti yangu alikuwa na mapumziko, akalala mpaka saa tatu, na siku hiyo Mbwa hakutoa hata mkoromo. Alhamisi akarudi kazini. Mbwa akabweka kabla hajamaliza kufunga zipu ya suti.

Hayo nilikuwa nayasikia vipande vipande kwa mwendesha lifti, rafiki wa marehemu mume wangu tangu ujana wao. Mtaani wanamwita Kengele kwa sababu ndiye anayeipiga kabla lifti haijashuka. Mimi ananiita shemeji, na suruali zake zote nazishona mimi maana mkewe amegoma. Kila alichonisimulia mimi nilicheka. Nilicheka, nawaambia. Nilidhani ni mambo yao ya mashine, na moyoni nilikuwa nimetulia kuliko mwezi wote, kwa kuwa mtoto ameshuka na saa ya baba yake.

Alhamisi alasiri binti alirudi, akakaa kwenye kigoda cha wateja wangu badala ya kiti chake. Chakula hakukigusa. Nikamuuliza kuna nini. Akasema wamegundua kwamba radoni inaingia na yeye. Wamempima nywele, kucha, wamemwogesha mara tatu, wamempulizisha pumzi kwenye mfuko. Mwilini hawakukuta kitu. Mkanda wakati huo ulikuwa umetundikwa chumba cha kubadilishia pamoja na sketi yake, hakuna aliyeufikiria, na baada ya kuoga akauvaa tena kwa sababu ya baridi, na kwa sababu alikuwa ameapa.

Mkuu wao ni mwanamke mmoja mtulivu, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Wanamwita Daktari, ingawa mafua hawezi kutibu, nimeshamjaribu. Daktari alimuuliza mbele ya wenzake wote kama ana kitu chochote cha zamani anachoingia nacho. Jiwe la kumbukumbu, kipande cha kioo cha kamera, saa ya zamani yenye rangi ya kung'aa. Alisema rangi ya saa za zamani za namna hiyo ilichanganywa na radiamu, na radiamu ndiyo inayozaa radoni, siku zote, bila kupumzika. Binti yangu akajibu hana. Akaulizwa tena, akajibu anaapa hana.

"Na kesho saa nne wanaamua," akaniambia. "Wataniondoa chini. Nitakaa juu, niwe naangalia kompyuta."

Sindano yangu ilikuwa imesimama katikati ya pindo. Nilishajua. Sikuhitaji shule ya ziada kujua: saa ya zamani, rangi ya kung'aa, mshono wa kushoto. Lakini sikilizeni kitu kingine nilichokisikia, maana ndicho kilichonifanya niandike. Nilisikia: nitakaa juu. Juu, kwenye kiti cha kuzunguka. Na mtu ndani yangu, mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akihesabu gurudumu la lifti, akaniambia ninyamaze tu. Wiki moja ya aibu, halafu mtoto anakuwa juu ya ardhi maisha yake yote.

Nilinyamaza. Nikamwambia ale. Alipokwenda kuoga nikachukua mkanda aliouvua na kuuacha kitini, nikafumua mshono wa kushoto, nikashika saa mkononi. Nilitaka kuitupa. Nikashindwa, ni ya mume wangu, nikairudisha nikaushona tena na kuuficha mkanda kwenye kapu la vitambaa. Asubuhi alipoutafuta nikamwambia nimeuloweka. Akaenda bila mkanda. Kushona saa lilikuwa kosa la mjinga, na mjinga husamehewa. Hiki cha pili nilikifanya nikijua.

Kengele alipita saa mbili na nusu kuchukua suruali yake. Hakuwa na utani siku hiyo, na Kengele asipokuwa na utani ujue kuna jambo. Akasema pampu imesimama mara mbili usiku na ikaamshwa kwa taabu. Akasema binti amemwomba Daktari amtoe leo leo ili wengine waendelee, asiwacheleweshe. Halafu akaikunja suruali yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Shem, wapo wanaosema anaficha kitu. Kwamba amedanganya mbele ya watu. Yule mtoto tunayemjua."

Nilifunika cherehani. Nikachukua mkanda kwenye kapu, nikauweka kwenye mfuko wa nailoni, nikamwambia Kengele tutaongozana. Akauliza suruali je. Nikamwambia avae hiyo hiyo aliyonayo.

Ofisi ya Daktari iko juu, karibu na mnara wa lifti. Ina dirisha moja, meza mbili, na mlundo wa karatasi ambao ningependa kuupanga. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Alishangaa kuniona na nikaona anaanza kuogopa kwamba kuna msiba. Nikatoa mkanda, nikauweka juu ya karatasi.

Nikasema yote, sikumung'unya. Saa ya baba yake, upande wa kushoto, nilishona mimi, yeye hajui. Na jana jioni nilijua na sikusema.

Daktari alisukuma kiti nyuma, akasimama. Alivaa glavu, akafungua droo, akatoa kifaa kama tochi chenye waya, akakisogeza juu ya mkanda. Kikalia kama mafuta yanayokaangia kitunguu. Akakisogeza mbali, kikatulia. Akakirudisha, kikakaanga. Kengele akavua kofia.

Binti yangu alikuwa haangalii kifaa. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Mama, niliapa mbele yao."

"Uliapa ukweli, mwanangu. Uongo ni wangu, ndio huo hapo mezani."

"Na jana ulinipa chakula."

Nikageukia upande wa Daktari.

Nilichofanya ni kujitetea, kama wafanyavyo wote walioshikwa. Nikamwambia Daktari kwamba sikutaka kuharibu kazi ya mtu, nilitaka mtoto awe na mwanga taa zikizimika, kama baba yake alivyokuwa nao. Nikamwomba afunge pazia ajionee inavyong'aa, aelewe sikuwa mwendawazimu. Sijui kwa nini alikubali. Labda alinihurumia, labda watu wa sayansi hawakatai kuangalia kitu. Akafumua mshono kwa mkasi mdogo, akaitoa saa, akafunga pazia, akaifunika kwa koti lake zito na kutuita tuingize vichwa mmoja mmoja.

Niliingia wa kwanza. Nikangoja macho yazoee. Nikangoja sana. Chini ya koti lile palikuwa na giza na harufu ya kahawa, basi. Hakuna namba, hakuna mshale.

Daktari alieleza kwa upole. Kwenye rangi ile kuna viwili: kinachong'aa, na radiamu inayokichochea. Kinachong'aa huchoka baada ya miaka kadhaa kwa kupigwa kila dakika. Radiamu haichoki. Miaka elfu moja na mia sita kutoka leo itakuwa imepungua nusu tu. Jicho haliioni tena, ila Mbwa anaisikia vizuri kabisa.

Nikasema haiwezekani, mume wangu alishuka nayo mpaka anastaafu. Hapo Kengele akakohoa.

"Shemeji, hii ilizimika tukiwa bado vijana. Wewe tu ndiye hukuambiwa. Tulikuwa tunamtania huko chini, tunamwuliza saa ngapi sasa kwenye giza. Alisema haivai kwa ajili ya mwanga. Anaivaa kwa sababu ukiuona mkono mtupu asubuhi unashindwa kupumua."

Nje lifti ilikuwa inashuka, gurudumu linalia. Nilitafuta kiti, Daktari akaondoa karatasi kwenye kimoja, nikakaa. Miaka yote ile nilidhani nimemfunga mume wangu mwanga mkononi, kumbe alikuwa amebeba woga wangu, anashuka nao, anapanda nao, na kunirudishia jioni bila kulalamika. Na binti yake naye amevaa mkanda wa sufi unaomwasha kwa sababu alimwapia mama.

Saa iliwekwa kwenye kisanduku cha risasi, kile chuma kizito cha kijivu, na kupelekwa panapotunzwa vitu vya namna hiyo. Mkanda nao ukaenda. Daktari alinikataza kabisa kufungua saa nyingine ya aina hiyo au kukwangua rangi yake, maana unga wake ukiumeza ni balaa. Nami nawapa katazo hilo hilo kama lilivyo, kama mnayo kabatini msiichokonoe, ulizeni wanaojua. Za siku hizi alisema hazina neno. Kuhusu binti, alisema mtu aliyeapa kweli hana cha kuadhibiwa. Akawaita wenzake wote, akawaambia kilichotokea mbele yangu, na yule fundi wa ada akacheka mpaka akatoka nje, na tangu siku hiyo kila kitu kinachotoka nyumbani kwa mtu kinapimwa getini. Wameweka kibao. Jina langu halipo kwenye kibao, lakini wote wanakiita kwa jina la mama wa fulani, na fulani ndiye mwanangu.

Siku mbili binti hakuzungumza nami ila kuomba chumvi. Sikumlaumu. Jumatatu asubuhi alipokuwa anafunga kamba za viatu, akasema bila kuinua kichwa kwamba bomba linafunguliwa saa tano, na kama nataka, Kengele ana simu kibandani kwake.

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha Kengele, yeye akasimama, tukaitazama simu kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Saa tano na dakika mbili ikalia: wamefungua. Mbwa kimya. Kengele alijaribu kunihadithia jinsi mkewe alivyogoma kushona, sikumsikia. Nilimwuliza sasa hivi taa zikizimika inakuwaje. Akanionyesha ukutani ramani ya taa za akiba, moja kila hatua kumi, zina betri zao, na juu ya hizo kila mtu ana yake kiunoni, inapimwa kila asubuhi. Yaani miezi yote ile jibu lilikuwa limebandikwa kwenye kibanda cha mtu ninayemshonea suruali, na sikuwahi kuuliza. Saa tano na dakika hamsini simu ikalia tena. Pampu mpya inazunguka.

Alipanda na lifti ya saa tisa na nusu. Alitoka na wenzake, nywele zimelala kwa kofia, wanamwita mkuu kwa utani ambao wiki iliyofuata haukuwa utani tena. Akaja mpaka niliposimama. Nilimwangalia mkono, mazoea, ulikuwa mtupu, nikalazimisha pumzi itoke.

"Kiuno kinaniuma," akasema. "Kulikuwa na baridi."

Nimemfumia mkanda mwingine. Sufi yake ilikwenda kwanza kwa Daktari ikapimwa ikiwa bado ni madonge ya uzi, nikaifuma mchana barazani, kila apitaye akiona. Jana jioni nilipompa, aliugeuza ndani nje, akapitisha vidole kila mahali polepole, kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji. Halafu akachukua mkasi wangu, akafumua mshono wa kushoto mbele ya macho yangu, akaingiza vidole viwili, akakuta sufi. Akanirudishia niushone.

Nikaushona. Alikaa pale pale kwenye kigoda cha wateja, akiangalia mkono wangu mpaka nilipokata uzi.